Ukuta wa Mtera na Kazi Zake

Msomaji asafiriye kutoka Iringa kwenda Dodoma hufika Mtera, mahali pa joto na mibuyu, ambapo mto Ruaha Mkuu umezuiwa kwa ukuta wa zege. Watoto wa shule hupenda kuuliza ukuta huo ni wa nini. Sisi nasi tuliulizwa, tukajibu upesi, "Ni wa umeme." Jibu hilo ni kweli leo, lakini hapo mwanzo halikuwa kweli yote.

Ukuta ulijengwa tangu mwaka 1975 hata 1979, wala haukuwa na mashine hata moja ya umeme. Mashine zilikuwa Kidatu, mbali huko chini ya mto. Lakini bwawa la Kidatu ni dogo, nao Ruaha wakati wa mvua hufurika, wakati wa kiangazi hunywea. Basi Mtera ilifanywa ghala. Kama mama awekavyo mtama wakati wa mavuno, akatoa kibaba kwa kibaba hata mvua zirudi, ndivyo maji yalivyowekwa na kufunguliwa kidogo kidogo kwa ajili ya Kidatu.

Mwaka 1988 ghala nalo likapewa mashine zake, mbili, za megawati 80 kwa jumla. Tangu hapo maji yale yale huzungusha mashine Mtera, kisha huteremka kuzungusha za Kidatu.

Iko na kazi nyingine, nayo ndiyo ituvutiayo zaidi. Bwawa likijaa huenea kilometa za mraba 660. Miti iliyofunikwa na maji ilikufa imesimama, na perege na kambale wakazaana katikati yake. Watu wa ng'ombe na mtama wakajifunza mtumbwi na wavu. Leo samaki huuzwa kando ya barabara, na ziko nyumba zilipazo karo kwa samaki hao.

Hapo ndipo penye shida. Mwenye mashine ataka maji yafunguliwe. Mvuvi ataka yakae. Na huko juu, Usangu, mwenye shamba la mpunga huyageuza kabla hayajafika. Tangu mwaka 1993 Ruaha umekuwa ukikatika kiangazi ndani ya hifadhi ya wanyama, na mwaka 2006 bwawa lilipungua mno, umeme ukagawiwa kwa zamu nchini. Maji yarudipo nyuma, mvuvi huyafuata na mtumbwi wake, na wachungaji huleta ng'ombe kula majani mabichi pale alipotega nyavu.