Edgar Allan Poe: Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Wahenga walinena, mgeni njoo mwenyeji apone. Methali hiyo yamfaa sana Edgar Allan Poe, mtunzi wa hadithi za kutisha, aliyezaliwa Boston, Marekani, mwaka 1809 na kufa fukara mjini Baltimore mwaka 1849. Waliomzika walikuwa wa kuhesabika.

Si kwamba kwao hakujulikana, la hasha! Shairi lake juu ya kunguru lilipotoka mwaka 1845 lilivuma kote. Lakini alipofumba macho tu, Rufus Griswold, aliyekuja kusimamia uchapaji wa maandiko yake, alimwandikia tanzia ya kumchafua, na baadaye hata barua za marehemu akazighushi.

Aliyemfufua alitoka ng'ambo. Mshairi Mfaransa, Charles Baudelaire, alianza kumfasiri mwaka 1848. Mwaka 1856 akatoa Histoires extraordinaires, na mwaka uliofuata Nouvelles histoires extraordinaires. Hata kufikia mwaka 1865 vilikuwa vitabu vitano. Viwili vya kwanza alivitia dibaji ndefu za kumtetea mwenziwe. Katika hicho cha pili mna paka mweusi, mna nyumba ya Usher izamayo ziwani, mna moyo wa maiti udundao chini ya sakafu. Hapa mshairi alimfasiri mshairi, na hofu ikahama pamoja na maneno.

Na kwa kuwa Kifaransa kilisomwa na wasomi wa nchi nyingi, Poe akasafiri nacho. Huko Hispania na Marekani ya Kusini, wafasiri wengi wa mwanzo walimchukua kwa Baudelaire, wala si katika Kiingereza chake. Mwaka 1875 Stéphane Mallarmé akatoa Kunguru kwa Kifaransa, michoro ikiwa ya Manet. Huko Japani naye Taro Hirai, ambaye hadithi yake ya kwanza ilitoka mwaka 1923, alijiita Edogawa Rampo. Hebu litamke upesi jina hilo, utamsikia Edgar Allan Poe!

Wenyewe je? Mwaka 1876 Henry James aliandika kwamba kumshabikia Poe ni dalili ya fikira changa. Lakini sifa za ugenini hazikunyamaza. Mwaka 1948 T. S. Eliot, mzaliwa wa Marekani, alitoa mhadhara mjini Washington akitafuta ni kitu gani Wafaransa walikiona kwa Poe ambacho wasemao Kiingereza hawakukiona.

Basi wapenzi wasomaji, tusimdharau mfasiri, ambaye aghalabu jina lake hutiwa ndani kwa herufi ndogo na malipo yake ni haba. Sisi nasi tuna hadithi zetu za majini na mizimu ambazo jirani hajapata kuzisoma. Kijana ajuaye Kiswahili na Kifaransa, au Kiarabu, asingoje kuombwa. Na achukue kalamu.