Kiswahili cha Sokoni Hakitoshi Katika Chumba cha Mtihani

Wapo wafanyakazi wengi mjini Dar es Salaam ambao masomo yao yalikatizwa na umaskini, ugonjwa au malezi ya watoto, na ambao sasa wanakusudia kurudi kwenye daftari. Mchana huuza vitambaa Kariakoo, huendesha magari au hupanga majalada maofisini. Jioni huingia darasani kujitayarisha kwa mtihani wa kujitegemea. Cheti wanachokitafuta si pambo la ukutani. Mwaka 2017, uhakiki wa vyeti uliwaondoa katika utumishi wa umma watu zaidi ya 9,000 waliobainika kuwa na vyeti vya kughushi. Cheti cha jasho hakimtii mtu hofu.

Anayejiandaa kwa Kidato cha Sita huanza kwa kuchagua masomo. Wengi hupenda Historia, Kiswahili na Kiingereza, kwa kuwa hayahitaji maabara. Uchaguzi huo si mbaya. Ubaya ni kukichukua Kiswahili kwa hoja moja tu: “Nimezaliwa nacho.” Hoja hiyo imewapotezea wengi ada na usingizi wao.

Kusema si kujua

Mchuuzi wa Mtaa wa Kongo hutamka neno “anayesoma” bila kujikwaa. Lakini karatasi ya lugha humtaka alichambue: a- ya nafsi, -na- ya wakati, -ye- ya urejeshi, -som- ambao ni mzizi, na -a ya mwisho. Hata jina la Kariakoo ni somo. Limetoholewa kutoka Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza kilichopiga kambi hapo baada ya mji kutekwa mwaka 1916. Mkazi wa Kariakoo hupita juu ya mfano wa utohozi kila siku. Darasa humfundisha kuuona.

Fasihi nayo ina mtego wake. Wengi hununua muhtasari wa kurasa chache, wakaukariri, wasikifungue kitabu chenyewe. Swali huweza kumtaka mtahiniwa atetee hoja kwa kutumia vitabu viwili. Tuseme ni juu ya nafasi ya mwanamke. Katika riwaya ya Vuta n’Kuvute ya Shafi Adam Shafi, Yasmin anaozwa kwa mwanamume aliyemzidi sana umri, naye anaikimbia ndoa hiyo. Katika tamthilia ya Nguzo Mama ya Penina Muhando, wanawake wa kijiji wanataka kuisimamisha nguzo yao, lakini mgawanyiko wao wenyewe unawakwamisha. Mmoja anapambana peke yake. Wengine wako pamoja bila umoja. Ulinganisho wa namna hiyo huzaliwa na kusoma, wala sinema ya Vuta n’Kuvute iliyotolewa mwaka 2021 haiwezi kushika nafasi ya kitabu.

Namna ya kusoma

Orodha ya vitabu hubadilika. Kwa hiyo, kabla ya kununua chochote, mtahiniwa ahakikishe muhtasari wa somo unaotumika katika mwaka wake wa mtihani. Asiyeweza kununua vyote aende Maktaba Kuu ya Taifa, Barabara ya Bibi Titi Mohamed, iliyofunguliwa mwaka 1967. Kila kitabu asome mara mbili: kwanza kwa ajili ya kisa, kisha kwa kalamu mkononi, akiandika dhamira, migogoro, wahusika na matumizi ya lugha, pamoja na ukurasa wa kila ushahidi. Kila juma aandike insha moja huku akitazama saa.

Jamaa nao wana sehemu yao. Katika chumba kimoja cha kupanga, saa moja ya redio kunyamaza ni msaada mkubwa. Mume amwachie mkewe saa hiyo, na mke vivyo hivyo. Baada ya chakula, msomaji awasimulie watoto kisa alichokisoma. Wakimuuliza, “Kwa nini alifanya hivyo?” naye akashindwa kujibu, basi kitabu hicho bado hajakijua, na ni heri kukirudia nyumbani kuliko kugundua hayo mbele ya karatasi ya mtihani.