Kompyuta Inapokataa Kuiona Diski

Kila mmoja na awe na daftari na kalamu yake. Somo letu la leo ni habari za diski: nini cha kufanya kompyuta inapokataa kuiona.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi daftari nyingi hazimo tena katika karatasi. Majina ya wakulima, magunia ya mpunga yaliyoingia ghalani, fedha zilizolipwa, vyote vyaweza kuandikwa ndani ya kompyuta. Pale Ifakara, mwaka 1996, watafiti wa afya walianza kuandikisha kaya za vijiji vya Kilombero na Ulanga, wakiuliza nyumba kwa nyumba nani amezaliwa, nani amefariki na nani amehama. Habari za namna hiyo huwekwa katika diski.

Mwaka 1956 kampuni ya IBM ya Marekani ilitoa kompyuta yenye diski ya sahani 50, kila sahani ina upana wa inchi 24. Zote pamoja zilibeba herufi milioni 5 tu. Leo flashi ya gigabaiti 32, ndogo kama kidole, hubeba herufi bilioni 32. Basi ikipotea flashi moja, hasara yake si ndogo.

Tuseme wewe ni katibu wa chama cha wakulima Mchombe. Mavuno yamekwisha, wakulima wangoja malipo. Unachomeka diski, na kompyuta haionyeshi kitu. Usiseme upesi kwamba diski imekufa. Fikiri habari za ghala la mpunga. Magunia yamo ndani, lakini karani hana habari nayo. Je, mpunga umepotea? La, haukupotea.

Diski ni ghala, na maandishi yako ni magunia. Karani ni mfumo endeshi, yaani programu kuu inayosimamia kazi zote za kompyuta, kama vile Windows. Tena ndani ya diski mna daftari dogo linalomwonyesha karani kila gunia liko wapi. Kwa hiyo jiulize mambo matatu: je, njia ya ghalani imekatika? Je, karani halijui ghala? Au je, daftari limeharibika?

Kwanza, njia. Diski nyingi za nje hupata umeme kwa waya ule ule unaopitisha maandishi. Tundu la USB la namna ya zamani limepangiwa kutoa nusu ampea tu, na diski nyingine haitosheki. Basi ichomeke katika kompyuta yenyewe, si katika kigawanyo. Jaribu tundu jingine, kisha waya mwingine ulio mfupi. Chungulia tunduni. Mwaweza kuwa na vumbi la pumba, kutu ya unyevu wa masika, hata sisimizi. Zima kompyuta, kisha safisha kwa brashi laini iliyo kavu. Usitie maji wala chuma.

Tega sikio pia. Diski ikigonga au ikikwaruza, ichomoe mara moja. Ubovu uko ndani, na kila ukiiwasha waweza kuuzidisha. Usiifungue, mpelekee fundi anayejua kuokoa maandishi.

Pili, karani. Ichomeke diski katika kompyuta nyingine. Ikionekana huko, diski ni nzima, na kosa ni la kompyuta ya kwanza. Izime hiyo, uiwashe upya, ujaribu tena. Isipoonekana popote, fungua orodha ya diski. Katika Windows, bonyeza pamoja kitufe chenye alama ya Windows na herufi X, kisha chagua maneno Disk Management. Mwalimu atayaandika ubaoni, kwa maana kompyuta nyingi huyaonyesha kwa Kiingereza. Diski ikiwamo katika orodha hiyo, kompyuta yaiona, ila pengine haina jina. Windows huziita diski kwa herufi: C, D, E na kuendelea. Ipe diski yako herufi isiyotumiwa na nyingine, nayo yaweza kufunguka pale pale.

Tatu, daftari. Hapa ndipo penye hatari kubwa. Kompyuta yaweza kukuambia kwamba diski haisomeki, nayo itakuuliza kama wataka kuifomati. Kufomati ni kuchana daftari la karani na kuanza jipya lililo tupu. Karani atadhani ghala halina kitu, ataweka magunia mapya juu ya yale ya zamani. Fomati nyingine hufagia ghala zima, lisibaki hata punje. Basi kama maandishi yako yamo, jibu ni hapana. Bonyeza neno Cancel.

Pengine diski haikuharibika kabisa. Yaweza kuwa ilitayarishwa kwa kompyuta ya Linux au ya Mac, na Windows haijui kusoma mtindo wake. Irudishe katika kompyuta ya namna hiyo. Kama daftari limeharibika kweli, fundi mwangalifu hunakili kwanza diski nzima, ndipo huifanyia kazi ile nakala.

Sasa habari za kinga. Usichomoe diski wakati kompyuta ikiandika. Iage kwanza kwa ile alama ya kutoa diski. Umeme ukikatika ghafla, daftari laweza kuharibika vile vile. Kwa hiyo weka nakala mbili za kazi yako, na moja ikae nje ya ofisi, mahali pa juu pasipofikiwa na mafuriko. Mwenye nakala ya pili huwalipa wakulima siku ile ile, hata diski ya kwanza ikigoma.

Maswali ya kujibu darasani:
1. Mfumo endeshi hufanya kazi gani?
2. Diski ikigonga, utafanya nini?
3. Kwa nini tusikubali upesi kufomati?
4. Nakala ya pili ya chama chenu itakaa wapi?