Kufunga kitufe: kitenzi kimoja, kazi nyingi

Kitufe (ngeli ya KI-VI, wingi *vitufe*) ni kipande kidogo cha chombo kinachobonyezwa kwa kidole ili kuruhusu au kukata mkondo wa umeme. Neno hili limetokana na *tufe*, yaani kitu cha mviringo kama mpira, likapewa kiambishi *ki-* cha udogo. Makala haya yanafafanua msamiati unaohitajika katika kuandika au kufasiri maelekezo ya kuweka vitufe kwenye kasha la chombo cha elektroniki, hasa katika karakana ndogo zinazotengeneza vyombo vichache kwa mkono.

Usahihi wa maneno hapa una thamani kubwa. Chukua mfano wa Murusagamba, wilayani Ngara, karibu na mpaka wa Burundi. Redio ni chombo kilichozoeleka huko. Radio Kwizera imekuwa ikitangaza kutoka Ngara tangu mwaka 1995. Fundi wa huko huenda lugha yake ya kwanza ni Kihangaza au Kishubi, na Kiswahili cha maandishi alikipata shuleni. Akiusoma mwongozo, mwandishi hayupo karibu wa kuulizwa. Na kasha likishatobolewa vibaya, halirudi lilivyokuwa.

1. Kitufe, kifungo, batani, swichi

*Kifungo* hutumika kwa kishikizo cha nguo na kwa adhabu ya jela. Wapo wanaosema *kifungo cha redio*, na wanaeleweka, lakini katika mwongozo wenye kitenzi *funga* kila mstari, neno hili huzidisha utata. *Batani* li hai katika mazungumzo, kama katika *simu ya batani*, lifae mazungumzo. *Swichi* ni sehemu nzima inayounga na kukata mkondo, ilhali *kitufe* ni ile sehemu inayoguswa na kidole. Tofauti hii ni ya lazima pale swichi inapolehemiwa kwenye bodi ndani ya kasha, na kitufe pekee kikachomoza nje.

2. Funga

Mafundi *hufunga* taa (huziweka), wenye nyumba *hufunga* mlango, na wasikilizaji *hufunga* redio (huizima). Kwa hiyo sentensi «Funga kitufe kabla ya kufunga kasha» inatumia kitenzi kimoja kwa kazi mbili, na msomaji anaweza kudhani ya kwanza inamwamuru kuzima. Ni bora kila kazi ipewe kitenzi chake: *pachika* kitufe kwenye tundu, *kaza* nati, *funika* kasha, *zima* chombo.

3. Tundu na kipimo chake

*Shimo* huweza kuwa na kina bila kutokea upande wa pili. *Tundu* ni uwazi unaopenya, na ndilo neno lifaalo kwa ubavu wa kasha. Ugumu huja kwenye kipimo. Vitufe vyenye hesi na nati kwa kawaida hutajwa kwa kipenyo cha tundu, wala si cha kichwa. Kitufe cha milimita 16 huingia kwenye tundu la milimita 16, na kichwa chake ni kipana zaidi ili kiegemee ukingo. Mfasiri akiandika «kitufe cha milimita 16» tu, fundi atapima kichwa, aone rula haikubaliani na maandishi, kisha atoboe kwa kufuata kichwa. Kitufe kitatumbukia ndani na kasha litakuwa limeharibika. Andika: «kitufe cha tundu la milimita 16».

4. Bonyeza na bonyea

*Bonyea* ni kuingia ndani kwa kusukumwa, kama kopo lililobonyea. *Bonyeza* ni kauli ya kusababisha: kufanya kitu kibonyee. *Bofya* ni kubonyeza kwa wepesi, kama anayejaribu kujua iwapo embe limeiva. Leo hutumika sana kwa kompyuta.

Tofauti ya *bonyezwa* na *bonyea* ina kazi mahsusi hapa. *Kitufe kimebonyezwa* hudokeza kuwa yupo aliyekibonyeza. *Kitufe kimebonyea* hutaja hali tu, bila mtenda. Hali hiyo ndiyo hutokea nguzo za kushikilia bodi zisipolingana na kimo cha kasha: skrubu zikikazwa, kifuniko hukandamiza kitufe kabla kidole hakijafika. Swichi nyingi ndogo za kulehemiwa kwenye bodi husafiri takribani milimita 0.25 tu, hivyo kosa dogo la kimo latosha kukiacha chombo kikijiwasha chenyewe au kisiitikie kabisa. Kumwambia fundi ahakikishe kitufe «hakijabonyezwa» kunamfanya amtafute aliyekigusa. «Hakijabonyea» kunampeleka kwenye kimo cha kifuniko.

Mfano wa maelekezo yaliyonyooka

1. Toboa tundu la milimita 16 kwa kekee, kisha lainisha ukingo kwa tupa.
2. Pachika kitufe kutoka nje. Kaza nati kwa ndani.
3. Lehemu nyaya kwenye miguu ya kitufe.
4. Funika kasha, kaza skrubu, na uhakikishe kitufe hakijabonyea.
5. Washa chombo, bonyeza kitufe mara moja, kisha uachie.

Mwalimu anaweza kuwapa wanafunzi maelekezo haya baada ya kubadilisha *pachika*, *kaza* na *funika* zote kuwa *funga*, kisha awatake waeleze ni hatua ipi fundi angeikosea, na kwa nini.