Vyombo vya Kale Katika Umbo Dogo: Kazi ya Mikono Inayookoa Historia

Kila mkazi wa Busibwabo, na wa Busia na Malaba kwa jumla, amezoea kuyaona malori yaliyojipanga barabarani yakingoja kuvuka mpaka kuingia Uganda. Mizigo mingi ya malori hayo imetoka bandari ya Mombasa. Mtoto akimwuliza baba yake jinsi bidhaa zinavyofika Mombasa, atajibiwa kwa neno moja: kwa meli. Walakini akiuliza zilifikaje zamani, kabla ya meli za chuma, aghalabu hujibiwa kwa kunyamaza.

Picha ya kitabuni humsaidia mtoto huyo kidogo tu, kwa maana picha huonyesha upande mmoja. Lakini akiwekewa mbele yake chombo kidogo cha mbao, chenye mlingoti na tanga, na shehena ndani yake, na sanamu za mabaharia wakiwa kazini, ataelewa kwa kitambo kidogo mambo ambayo mwalimu angeyaeleza kwa juma zima. Hiyo ndiyo kazi ya mafundi wanaotengeneza vyombo vya kale katika umbo dogo ili viwekwe katika nyumba za makumbusho na mashuleni. Wapo watu wanaoidhania kuwa ni mchezo wa watoto. Habari zifuatazo zitaonyesha kwamba sivyo.

KAZI YA MIAKA ELFU NNE

Kazi hii si mpya, wala haikuanzia Ulaya. Katika mwaka 1920, mtaalamu Mmarekani aitwaye Herbert Winlock alikuwa akichimbua makaburi ya kale karibu na Thebes katika nchi ya Misri. Katika kaburi la bwana mkubwa mmoja jina lake Meketre, aliyeishi miaka 4,000 iliyopita hivi, kilionekana chumba kidogo ambacho wezi hawakupata kukigundua. Humo mlikuwamo mifano ya mbao ishirini na zaidi: ghala ya nafaka pamoja na makarani wake, zizi la ng'ombe, mahali pa kuokea mikate na kutengenezea pombe, na vyombo vya mtoni kumi na vitatu.

Vyombo hivyo vina watu wake. Wamo wapiga makasia, yumo bwana mwenyewe ameketi kivulini, na nyuma yake hufuata chombo cha jikoni ambamo wapishi wanamtayarishia chakula. Viko pia vyombo viwili ambavyo watu wake wanakokota wavu wa samaki kati yao. Mvuvi wa Sio Port akiviona ataitambua kazi yake mara moja, ijapokuwa zimepita karne arobaini.

Waliovitengeneza walikusudia kumhudumia maiti katika maisha ya baadaye. Hawakujua kwamba walikuwa wakituandikia sisi barua. Kwa vyombo hivyo vidogo, wataalamu wamejua jinsi kamba zilivyofungwa, mahali pa usukani, na kazi ya kila mtu chomboni.

MTEPE WA PWANI YETU

Afrika ya Mashariki ina kisa chake, nacho kinatuhusu zaidi. Hapo zamani mabaharia wa pwani walisafiri kwa chombo kiitwacho mtepe, kilichoundwa hasa katika visiwa vya upande wa Lamu. Mbao zake hazikupigwa misumari, bali zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi. Fundi alitoboa matundu kwa keekee kandokando ya kila ubao, akapitisha kamba, akakaza, kisha akaziba matundu kwa vijiti. Tanga lake lilikuwa la mraba, nalo lilisukwa kama mkeka. Omo yake ilitokeza mbele mfano wa shingo ya ngamia, ikachorwa macho.

Ushonaji wa namna hii ni wa kale mno. Kitabu kimoja cha safari za baharini, kilichoandikwa kwa Kiyunani katika karne ya kwanza baada ya Kristo, kinautaja mji wa biashara ulioitwa Rhapta katika pwani ambayo leo ni ya Tanzania, nacho chasema kwamba mji huo ulipata jina lake kwa sababu ya vyombo vyake vya kushonwa.

Mtepe ulikuwa na faida na hasara zake. Kwa kuwa haukufungwa kwa chuma, ulinepa bila kuvunjika ulipogusa mchanga au kupigwa na mawimbi. Lakini maji yaliupenya, na mabaharia walifua maji mchana na usiku. Misumari ilipopatikana kwa bei nafuu, na majahazi ya misumari yalipozidi kuenea, mtepe ulianza kupungua. Inasemekana wa mwisho uliundwa katika miaka ya 1930. Baada ya hapo mitepe yote ikaoza ufukoni, na mafundi wakafa mmoja baada ya mwingine. Haukuhifadhiwa hata mtepe mmoja mzima.

Basi, ujuzi wa karne nyingi ulikaribia kupotea. Kilichouokoa ni nini? Ni picha chache, maandishi ya wasafiri na wataalamu, na mitepe midogo iliyotengenezwa na watu walioufahamu mtepe wenyewe, ikahifadhiwa katika nyumba za makumbusho, kama zile za Lamu na Fort Jesus, Mombasa. Mwaka 2003 ulipoundwa upya mtepe wa ukubwa kamili huko Unguja, na kuwekwa katika jumba la Beit al-Ajaib, waundaji hawakuwa na mtepe wa kale wa kuutazama. Iliwabidi wajifunze kutoka kwa hiyo mifano, picha na maandishi. Hivyo mtoto alimzaa mzazi: chombo kidogo kilirudisha chombo kikubwa duniani.

KIPIMO KWANZA

Mtu anayetaka kuifanya kazi hii sharti aanze kwa kipimo. Fundi akiamua kwamba kila metre moja ya chombo halisi itakuwa sentimeta 4 za mfano, basi ametengeneza sehemu moja ya ishirini na tano. Chombo cha metre 20 kitakuwa na sentimeta 80, nacho chaweza kukaa juu ya meza ya shule. Mtu wa metre 1 na sentimeta 70 atakuwa na kimo cha sentimeta 7 kasoro kidogo. Boriti ya mkoko yenye unene wa sentimeta 10 itakuwa milimeta 4, yaani kijiti tu.

Kosa la wengi ni kupima chombo kwa uangalifu, kisha kuwatengeneza watu kwa kukisia. Baharia akizidi kimo, jahazi lote huonekana kuwa mtumbwi. Akiwa mfupi mno, mtumbwi huonekana kuwa merikebu. Kamba nazo husahauliwa. Uzi mnene katika chombo kidogo ni sawa na nanga ya meli katika kidau. Afadhali kuchambua nyuzi za katani na kusokota upya zilizo nyembamba.

Vifaa vyenyewe si vya gharama, wala si lazima viagizwe Nairobi. Kaunti ya Busia ina udongo mzuri wa mfinyanzi kwa sanamu na magudulia, mafunjo ya kandokando ya mabwawa, katani, magamba ya migomba na vipande vya mbao vinavyotupwa na maseremala. Kisu kikali, msasa, tupa ndogo na gundi vyatosha kuanzia. Kinachohitajiwa zaidi ni subira.

SHEHENA NA WATU

Chombo kitupu hakisemi neno. Shehena ndiyo inayoeleza kwa nini watu walihatarisha roho zao baharini. Kile kitabu cha Kiyunani kinataja kwamba wafanyabiashara walileta pwani yetu mikuki, mashoka, visu na vyombo vya kioo, wakachukua pembe za ndovu, pembe za kifaru na magamba ya kasa. Mtepe wa karne ya kumi na tisa wafaa kupakiwa boriti na nafaka. Kila zama na mizigo yake.

Hapa mkulima aweza kumsahihisha hata msomi. Mtu akitengeneza chombo cha miaka 1,000 iliyopita, akakijaza magunia ya mahindi na mihogo, amekosea sana. Mahindi na mihogo asili yake ni Amerika, na havikuletwa Afrika ila baada ya Wareno kuanza safari zao za mbali, mwishoni mwa karne ya kumi na tano. Chakula cha zama za kale kilikuwa mtama, wimbi, mawele, mchele wa kutoka ng'ambo, na samaki wakavu. Tumbaku pia ilitoka Amerika. Kwa hiyo baharia wa zamani hizo asitiwe kiko mdomoni.

Ushahidi wa shehena hupatikana hata chini ya bahari. Merikebu ya Kireno, Santo António de Tanna, ilizama mbele ya Fort Jesus mwaka 1697, wakati Waarabu wa Oman walipoizingira ngome hiyo. Wapiga mbizi wataalamu waliichunguza tangu 1977 hadi 1980, wakatoa vitu vingi, na baadhi yake vimewekwa katika makumbusho ya ngome. Fundi anayetaka kujua umbo la gudulia la wakati huo haimlazimu kubuni; aende akalitazame.

Kuhusu watu, jambo kubwa ni kwamba kila mmoja awe na kazi. Mmoja ashike usukani, mwingine akaze kamba ya tanga, wawili wafue maji, na mpishi awe karibu na moto wake. Sanamu zilizosimama wima kama askari kwenye gwaride hazimfundishi mtazamaji chochote.

VYOMBO VYA ZIWA LETU

Msomaji aweza kusema: mambo haya ni ya watu wa pwani, yatatufaa nini sisi tulio karibu na Ziwa Victoria? Jibu ni kwamba Ziwa nalo lilikuwa na vyombo vya kushonwa, na vyenye sifa kubwa. Mashuhuri zaidi ni mitumbwi ya visiwa vya Ssese. Sehemu yake ya chini ilichongwa kwa gogo moja refu, na juu yake mbao zilishonwa kwa nyuzi za mimea. Omo yake ilitokeza mbele, na mara nyingi ikapambwa kwa pembe za mnyama. Mwaka 1875 msafiri H. M. Stanley aliona mamia ya mitumbwi ya Kabaka Mutesa I katika vita na watu wa Buvuma, naye aliandika kwamba mkubwa kupita yote ulikuwa na urefu wa futi 72 na upana wa futi 7 na robo. Kwa kipimo kilichotajwa juu, mtumbwi huo utakuwa na sentimeta 88 kwa 9.

Leo maboti ya Port Victoria na Sio Port ni ya mbao zilizopigwa misumari, na mengi yana mashine. Ni maendeleo mema, wala hakuna mvuvi atakayetaka kurudia kushona. Lakini yaliyoupata mtepe yaupata mtumbwi wa kushonwa: chombo kimeondoka, na wanaoweza kueleza jinsi kilivyofungwa wanapungua mwaka hata mwaka.

Kuna kisa kingine kinachofaa sana kuonyeshwa kwa sanamu. Meli ya moshi iliyoitwa William Mackinnon iliundwa Scotland, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa Mombasa kwa bahari. Wakati huo reli ilikuwa haijafika Kisumu. Ilifika mwaka 1901. Basi vipande vingi vilichukuliwa na wapagazi, safari ya mamia ya maili, mpaka meli ikaungwa tena na kushushwa majini Kisumu mwaka 1900. Zama hizohizo ilikatwa njia ya magari ya ng'ombe, iliyojulikana kwa jina la Sclater, kutoka upande wa Mombasa kuja mpaka wa Uganda pande hizi za Busia. Sanamu za wapagazi waliojitwika chuma vichwani zingewakumbusha wanafunzi kwamba meli hiyo, kabla ya kuwachukua watu, ilichukuliwa na watu. Na kwamba vitabu vimelihifadhi jina la meli, lakini majina ya wapagazi wengi hayakuandikwa.

WAKATI WA KUULIZA NI SASA

Mwalimu au karani mwenye nafasi jioni aweza kuanza na chombo kimoja tu. Kabla ya kushika kisu, na achukue daftari aende kwa mzee aliyevua samaki ujanani mwake. Amwulize mti gani ulipendelewa, nyuzi zilitoka wapi, matundu yalizibwa kwa nini, na kila sehemu ya chombo iliitwaje katika lugha ya kwao, iwe Kisamia, Kinyala, Kijaluo au nyingine. Majina hayo na yaandikwe, kwa kuwa jina likipotea, kitu chenyewe hupotea mara ya pili. Kisha mfano ukiisha, mzee huyohuyo aitwe autazame na kuukosoa kabla haujapelekwa shuleni. Fundi asione haya kukosolewa. Kosa lililosahihishwa leo halitarithiwa na wajukuu.

Waliounda mitepe ya mwisho hawakujua kwamba ilikuwa ya mwisho. Kama mtu asingalijishughulisha kuutengeneza mtepe mdogo, Unguja isingalipata kuuona tena ule mkubwa. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Mbachao wa watu wa Ziwa bado haujaoza wote. Wako wazee wanaokumbuka namna ulivyosukwa. Lakini wazee hawangoji.