Titi Likiondolewa, Je, Laweza Kurudishwa?

Baada ya kikao cha akina mama kule Simbo, mkoani Kigoma, wenzake walipokuwa wakikunja mikeka, mama mmoja alibaki ameketi. Tulipomsogelea alitueleza taratibu, huku akichezea pindo la kitenge chake. Hospitali ilikuwa imemwambia ana kansa ya titi la kushoto, na kwamba titi hilo liondolewe upesi. Aliomba arudi nyumbani akafikiri kwanza. Kufikiri huko kulikuwa kumekula miezi mitatu.

Kifo hakikumtisha sana. Alichoogopa ni jinsi mumewe atakavyomtazama. Kisha akatuuliza kama ni kweli kwamba siku hizi mtu aweza kutengenezewa titi jingine.

Wapenzi wasomaji, swali hili si la mama huyu peke yake. Tumeona tulijibu wazi, maana wanawake wengi nchini mwetu hufika hospitali wakati ugonjwa umekwisha kusambaa, na hofu ya kukosa titi ni moja ya mambo yanayowachelewesha.

Jibu ni kwamba inawezekana

Kazi hii si mpya. Mwaka 1895 daktari Mjerumani, Vincenz Czerny, alichukua uvimbe wa mafuta usio na madhara kutoka mwilini mwa mgonjwa wake akaujaza pale titi lilipoondolewa. Tangu hapo madaktari wameendeleza njia mbili kubwa.

Njia ya kwanza ni kipandikizi, yaani kifuko cha silikoni kinachowekwa chini ya ngozi au chini ya msuli wa kifua. Vifuko hivyo vilianza kutumika Marekani mwaka 1962. Mara nyingi ngozi iliyobaki haitoshi, hivyo huwekwa kwanza mfuko mtupu, ukaongezwa maji ya chumvi kidogo kidogo kwa wiki kadhaa mpaka ngozi itanuke. Fikiri maana yake kwa mama wa Simbo: ni kurudi hospitali mara kwa mara, pengine umbali wa zaidi ya kilometa 1,200 mpaka Dar es Salaam.

Njia ya pili ni kutumia nyama ya mwili wake mwenyewe. Daktari huchukua ngozi na mafuta ya tumbo chini ya kitovu, pengine pamoja na msuli, au ngozi na msuli wa mgongoni, akaunda umbo la titi. Titi la namna hii ni laini na lina joto la mwili, tena hunenepa na kukonda pamoja na mwenyewe. Lakini upasuaji huo huchukua saa nyingi, na mama hutoka na vidonda viwili badala ya kimoja.

Hatari zake ni zipi?

Hapa ndipo tunapotaka kila mama asome polepole.

Kila upasuaji waweza kuleta damu kuvujia ndani, usaha, au maji kujikusanya chini ya ngozi. Ndiyo maana mgonjwa huwekewa mirija ya kutoa maji kwa siku kadhaa. Ngozi isipopata damu ya kutosha hufa na kuwa nyeusi, nayo hubidi ikatwe.

Kipandikizi kikiingiwa na vijidudu, mara nyingi hulazimika kutolewa. Miezi au miaka baadaye, kovu linalokizunguka laweza kukaza mpaka titi likawa gumu na lenye maumivu. Chaweza pia kupasuka. Hakikuwekwa kwa maisha yote, na wengi huhitaji kubadilishiwa. Tena aina fulani za vipandikizi vyenye uso wa kukwaruza zilihusishwa na kansa adimu ya chembe za kinga, na mwaka 2019 baadhi yake ziliondolewa sokoni duniani.

Kwa njia ya nyama ya mwili, mshipa wa damu ukiziba, nyama iliyohamishwa yaweza kufa yote. Tumbo lililotolewa msuli huweza kulegea au kupata ngiri. Msuli wa mgongo nao ndio unaovuta jembe na kutwisha ndoo. Mama anayeishi kwa kulima muhogo na kubeba mikungu ya michikichi hana budi kumweleza daktari kazi zake kabla ya kukubali.

Hatari huongezeka kwa mwenye kisukari, mvutaji sigara, mnene kupita kiasi, na aliyechomwa mionzi kifuani, hasa akiwekewa kipandikizi. Nasi wengi wetu ngozi zetu huota makovu manene. Kama kovu la chanjo au la kutoga masikio lilikuinukia, sema.

Tena titi lililotengenezwa halinyonyeshi, na mara nyingi halina hisia kama za kwanza. Linarudisha umbo tu.

Mambo mawili tusiyachanganye

Kuondoa kansa ni jambo la haraka, lakini kurudisha umbo si la haraka. Laweza kufanywa siku ileile ya upasuaji, au baada ya mwaka, au hata miaka mingi baadaye, matibabu yakiisha. Basi asiwepo mama anayekaa na uvimbe nyumbani akingoja apate fedha za titi jipya. Huyo anaahirisha uhai kwa ajili ya umbo.

Uonapo uvimbe, ngozi iliyobonyea, au chuchu inayotoa damu, nenda kituo cha afya au Maweni pale Kigoma, upate barua ya rufaa. Mionzi hutolewa Ocean Road, Dar es Salaam, na Bugando, Mwanza. Kutengeneza titi hufanywa katika hospitali chache kubwa zenye mabingwa wa upasuaji rekebishi. Uliza gharama zote, za upasuaji wa kwanza na wa marudio.

Asiyetaka au asiyeweza upasuaji wa pili hakukosa akili. Yapo matiti ya kuvaa ndani ya sidiria. Kidonda kikipona kabisa, mwaweza kushona kifuko cha pamba laini, mkatia ulezi mkavu kidogo ili kiwe na uzito kama wa titi la pili. Uzito huo husaidia nguo ikae sawa.

Neno kwa waume

Tunakumbuka Elkana, mume wa Hana, katika 1 Samweli. Mkewe alikosa kile ambacho watu wa siku zile walikihesabu kuwa heshima ya mwanamke, lakini Elkana alimpenda vilevile, akamgawia fungu lake mezani mbele ya wote. Baba, mkeo anakusoma uso kabla hujasema neno. Msindikize hospitali. Kidonda kikifunguliwa, uwepo.

Mama yule wa Simbo tulimwomba amwambie mumewe usiku uleule. Kesho yake asubuhi tuliwaona wote wawili kituoni wakingoja gari la kwenda Kigoma mjini, baba ndiye aliyeshika bahasha ya hospitali. Hawakuwa wamekata shauri lolote juu ya titi jipya, na hapakuwa na haja. Tuzidi kuwaombea.