Neno "Uongozi" na Fikra za Washambaa

Huko Lushoto kuna Chuo cha Uongozi wa Mahakama, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1998. Jina lake la Kiingereza lataja utawala. Kiswahili kimechagua uongozi, nalo ni neno la njiani, kwani kiongozi wa msafara ndiye aliyetangulia. Kutawala, neno lenye asili ya Kiarabu, ni kushika madaraka. Kusimamia ni kusimama penye kazi ya mwingine. Hizi ni nadharia tatu, walakini vitabu vya mafunzo huzichanganya kana kwamba ni moja.

Nadharia ya nne imo katika Kishambaa, nayo haianzi na mtu bali na nchi. Washambaa husema kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, na kubana shi, yaani kuidhuru. Walishika ya kuwa mfalme wa Vugha asiye na mshindani huleta mvua na shibe; nguvu zikishindana, njaa huingia. Steven Feierman aliyaeleza hayo katika kitabu chake cha 1990, akiwahesabu wakulima kuwa wanafikra, jambo lililokuwa geni kwa wataalamu wengi. Miaka ya 1950, serikali ya kikoloni ilipolazimisha matuta milimani, maofisa walipima utii. Wakulima waliupima utawala wenyewe.

Mwalimu wa uongozi akifundisha vitenzi hivi ataonekana ameiacha fani yake. Na afundishe, ila asivifasiri kwa "maendeleo", maana aendeleaye husonga mbele, lakini aponaye hurudia uzima wake.